Maswali Yenu: Rubani wa Ndege Vita wa Enzi Zile Aliishije?

Toleo lililopita tuligusia marubani wa kwanza kabisa kupigana angani, enzi za Vita Kuu ya Kwanza, 1914 mpaka 1918, na aisee maswali yamekuja mengi kuliko tulivyotegemea. Wengine mmeuliza kitu kilekile kwa maneno tofauti kwa hiyo nimeunganisha. Mlioulizia Vita ya Pili subirini kwanza, leo ni zile ndege za mbao na kitambaa tu.

SWALI: Mhariri habari za kazi. Naona kwenye picha bunduki imefungwa mbele ya rubani inapiga kupitia kwenye pangaboi linalozunguka. Sasa risasi zinapita wapi? Mbona pangaboi halikatiki?

JIBU: Nzuri tu ndugu yangu. Kwanza ujue vita inaanza Agosti 1914 ndege zilikuwa hazina bunduki kabisa, kazi yake ilikuwa kwenda kuchungulia adui amejipanga vipi na kurudi kusema. Halafu watu wakaanza kubeba bastola na bunduki za mkononi, wanapishana huko juu wanarushiana risasi, kupata ni bahati tu. Tarehe 5 Oktoba 1914 Wafaransa wawili, Joseph Frantz anaendesha na fundi wake Louis Quénault ameshika bombomu mbele, wakaidungua ndege ya Kijerumani karibu na mji wa Reims, na hiyo ndiyo inahesabiwa ya kwanza kuangushwa kwa risasi na ndege nyingine. Ila ndege yao pangaboi lilikuwa nyuma, kwa hiyo mbele peupe, hamna cha kuzuia risasi. Tatizo ndege za pangaboi la nyuma zilikuwa nzito, haziwezi kufukuzana na mtu.

Ndege zenye mbio zilikuwa na pangaboi mbele. Rubani Mfaransa, Roland Garros, akaja na dawa ya kibabe, akafunga vipande vya chuma kwenye pangaboi lake, risasi nyingi zinapita katikati, zile chache zinazogonga zinateleza pembeni. Kuanzia tarehe 1 Aprili 1915 akaangusha ndege 3 ndani ya mwezi huohuo, wenzake hawaelewi ni uchawi gani. Tarehe 18 akalazimika kutua upande wa Wajerumani, wakamkamata yeye na ndege yake, siri ikawa imetoka.

Wajerumani wakampa kazi Mholanzi aliyekuwa anawatengenezea ndege, Anthony Fokker, na kiwanda chake kikaja na kitu bora zaidi. Kwenye injini kuna kipande kinachozunguka pamoja na pangaboi, kina nundu, hiyo nundu inasukuma fimbo inayokwenda mpaka kwenye bunduki. Rubani akibonyeza, bunduki haipigi hovyo, inapiga pale tu ambapo jembe la pangaboi limeshapita mbele ya mtutu. Mfikirie mtoto anayeingia kwenye kamba wenzake wanapoizungusha, haingii mpaka kamba ipite. Sasa hiyo kamba inapita zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Tangu hapo rubani hana haja ya kulenga bunduki, analenga ndege yenyewe, anapoelekeza pua ndipo risasi zinakwenda. Kwa maoni yangu ndege vita imezaliwa hapo, kabla ya hapo zilikuwa ndege zilizobeba bunduki.

Na ule mtambo ukileta hitilafu? Unajikatia pangaboi mwenyewe. Max Immelmann, mmoja wa mabingwa wa mwanzo wa Ujerumani, alikufa tarehe 18 Juni 1916, Wajerumani wakasema mtambo ulizingua akakata pangaboi lake, Waingereza wakasema hapana ni mpiga bunduki wetu kamdungua. Kila upande ukabaki na hadithi yake mpaka leo.

SWALI: Shikamoo. Mimi nauliza maisha ya kawaida tu, rubani akiamka asubuhi anafanya nini, anavaa nini, analala wapi?

JIBU: Marahaba. Hapa ndipo pana mengi, ngoja nijinafasi.

Anaamshwa gizani maana doria ya kwanza inaondoka alfajiri. Anavaa nguo juu ya nguo, sweta, koti la ngozi, mabuti ya manyoya yanayofika mapajani, glovu mbili mbili, na usoni anajipaka mafuta mazito, Waingereza walikuwa wanatumia ya nyangumi, ngozi isiungue kwa baridi. Maana kiti chake kiko wazi, kuna kioo kidogo tu mbele, na kule mita 5,000 baridi inashuka nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri na upepo unakuchapa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Oksijeni hakuna. Kichwa kinauma, mawazo yanakuwa mazito na mtu mwenyewe hajui kama mawazo yake yamekuwa mazito, ambayo ndiyo hatari yenyewe.

Ile skafu ya hariri mnayoiona kwenye picha mkadhani ni mbwembwe, siyo mbwembwe. Rubani anageuza shingo muda wote, kulia, kushoto, juu, nyuma, saa mbili nzima hatulii, kola ya koti ingemchuna shingo ikawa kidonda. Hariri inateleza. Asiyegeuza shingo hakurudi.

Halafu kuna ishu ya mafuta. Ndege nyingi za wakati huo, Sopwith Camel ya Waingereza, Nieuport za Wafaransa, ile Fokker ya mabawa matatu, zilitumia injini ambayo yenyewe nzima inazunguka pamoja na pangaboi, silinda zote, wakati mhimili wa katikati umetulia. Nyepesi, inapoa haraka, safi kabisa, ila ilipakwa mafuta ya nyonyo na hayo mafuta hayarudi kwenye tenki, yakishafanya kazi yanatupwa nje, na nje maana yake ni usoni kwa rubani. Anayavuta, anayameza, miwani imejaa. Na ninyi mnajua mafuta ya nyonyo yanamfanyaje mtu tumboni. Basi rubani yuko angani, adui wako pande zote, na tumbo nalo lina mambo yake. Hii kwenye mabango ya kuandikisha vijana jeshini hamkuiona.

Hiyo injini kwa sababu ni chuma kizito kinachozunguka ilikuwa inaivuta ndege. Camel ilikata kona ya kulia haraka sana, aliyeijua aliifanya silaha, na asiyeijua iliingia kwenye mzunguko wa kwenda chini akafia palepale uwanja wa mazoezi. Vijana wengi wameishia mazoezini bila kumwona adui hata mmoja. Mpaka 1917 ndipo Mwingereza Robert Smith-Barry, pale Gosport, akaanzisha mafunzo ya maana, mwalimu anaongea na mwanafunzi kwa bomba la kusemea wakiwa angani, na anaiingiza ndege kwenye ule mzunguko makusudi ili kijana ajifunze kujitoa. Kabla ya hapo mambo mengi ulijifunza mwenyewe, ukifanikiwa.

Jioni sasa. Hapa ndipo askari wa mahandakini walipowaonea wivu. Rubani analala kitandani, shuka safi, chakula cha moto, kuna piano, kuna gramafoni, kuna mbwa, kila kikosi kilikuwa na mbwa wake, bingwa wa Wajerumani Manfred von Richthofen alikuwa na lake kubwa linaitwa Moritz. Albert Ball, Mwingereza, alikuwa anakaa kibanda chake peke yake pembeni ya uwanja, analima bustani na kupiga fidla. Aliangusha ndege 44, akafa tarehe 7 Mei 1917 ana miaka 20.

Asubuhi mezani mlikuwa 12, jioni mko 9. Mkuu wa kikosi cha anga cha Waingereza, Hugh Trenchard, alitaka nafasi zijazwe haraka ili watu wasikae wanaangalia viti vitupu wakati wa kula. Kwa hiyo unakuta sura mpya kwenye kiti cha rafiki yako, hata jina hujalishika, na mwezi wa nne 1917 hizo sura zilikuwa zinabadilika haraka mno, Waingereza walipoteza ndege 245 mwezi huo mmoja. Wengine waliletwa mbele wakiwa na saa zisizofika 20 za kurusha ndege peke yao.

SWALI: Nasikia walikuwa wanapigana kiungwana, mmoja kwa mmoja, ukiishiwa risasi mwenzio anakuacha uende. Ni kweli au tunapigwa fiksi?

JIBU: Kidogo kweli, zaidi fiksi. Visa vya uungwana vilikuwepo, sikatai. Chukua Oswald Boelcke, Mjerumani, mtoto wa mwalimu, huyo akimwangusha Mwingereza akapona anamkaribisha kahawa pale kikosini na kumzungusha uwanjani kama mgeni wa heshima. Agosti 1915 alijitupa kwenye maji ya mfereji na nguo zake akamwokoa mtoto wa Kifaransa aliyekuwa anazama, mtoto wa nchi anayopigana nayo. Alipokufa Waingereza walidondosha shada la maua kwa ndege, limeandikwa kwamba ni kwa kumbukumbu ya adui wao shujaa na muungwana.

Lakini huyohuyo Boelcke ndiye aliyeandika kanuni za kupigana angani, na ukizisoma hamna uungwana humo hata kidogo, kuna akili. Hakikisha una faida kabla hujaanza, jua liwe mgongoni kwako limuumize macho yeye. Mshambulie kwa nyuma. Piga ukiwa karibu tu, akiwa ameingia vizuri kwenye shabaha. Usimwondolee macho. Hizo ni kanuni za kuvizia, ndugu zangu. Wengi sana waliodunguliwa hawakuwahi kumwona aliyewadungua, na mara nyingi siyo ndege vita zilizodunguliwa bali zile za polepole za watu wawili zilizokuwa zinapiga picha mahandaki, maana picha moja ya mahandaki inaleta mizinga juu ya vichwa vya maelfu ya watu. Kumwangusha mpiga picha ndiyo ilikuwa kazi ya maana, kupigana na ndege vita mwenzio ilikuwa bughudha.

Na kifo cha Boelcke chenyewe. Tarehe 28 Oktoba 1916, ameshaangusha ndege 40, wanawafukuza Waingereza, yeye na mtu wake Erwin Böhme wakavamia windo moja, magurudumu ya Böhme yakagusa bawa la juu la Boelcke, kitambaa kikachanika, ndege ikaenda chini. Hakuwa na kofia ngumu na mkanda wake haukuwa umekaza. Miaka 25. Aliyewafundisha wenzake kazi ameuawa na msuguano mdogo na mwenzake mwenyewe, Waingereza hawakuhusika kabisa. Kati ya wanafunzi wake alikuwemo Richthofen, yule wa ndege nyekundu, aliyekuja kuangusha 80.

Kuna pambano moja tu ambalo nikilisoma nakubali kwamba hapa kweli kulikuwa na kitu. Tarehe 23 Septemba 1917 Werner Voss, Mjerumani wa miaka 20, yuko peke yake kwenye Fokker ya mabawa matatu, akazungukwa na Waingereza wasiopungua 7 wa kikosi namba 56, mabingwa watupu. Kukimbia angeweza, hakukimbia. Kama dakika 10 hivi anawageuzia palepale, anapiga huku, anapiga kule, karibu kila mmoja wao alirudi na matundu kwenye ndege. Mwisho Arthur Rhys Davids akampata. Jioni kikosini watu wanampongeza na yeye anasikitika kwamba laiti angemshusha akiwa hai.

SWALI: Kwa nini hawakupewa parashuti? Ilikuwa haijavumbuliwa?

JIBU: Ilikuwepo sana. Wale waliokaa kwenye maputo kuangalia mizinga inaangukia wapi walikuwa nazo na waliruka nazo kila puto likiwaka moto. Marubani wa Kiingereza hawakupewa mpaka vita inakwisha. Sababu zilizotolewa ni kwamba ni nzito, ni kubwa, kiti hakina nafasi, na kulikuwa pia na wakubwa walioona kwamba ukimpa mtu njia ya kutokea ataitumia mapema. Mimi hiyo ya mwisho inanichefua, maana waliosema hivyo walikuwa mezani wanakunywa chai.

Kilichowatisha marubani kuliko risasi ni moto. Tenki la petroli liko pale karibu na miguu, ndege ni mbao na kitambaa kilichopakwa dawa inayowaka haraka. Edward Mannock, bingwa wa Waingereza, alikuwa anabeba bastola na alisema wazi ni kwa ajili yake mwenyewe siku ndege ikiwaka. Ndege yake iliwaka tarehe 26 Julai 1918 kwa risasi za kutoka chini.

Wajerumani walianza kuwapa marubani wao parashuti 1918. Mwanzoni hazikuwa za kuaminika ila ziliokoa watu, tarehe 29 Juni mwaka huo Ernst Udet aliruka, mikanda yake ikanasa kwenye usukani wa mkia, akahangaika mpaka ukakatika, parashuti ikafunguka amekaribia ardhi. Alitembea kwa miguu yake.

SWALI: Kaka mhariri, kwenye hayo majina yote sijasikia mtu mweusi. Hakukuwepo?

JIBU: Walikuwepo, wachache. Uingereza kulikuwa na William Robinson Clarke kutoka Jamaica, alipata leseni Aprili 1917 na akajeruhiwa angani Julai mwaka huohuo. Lakini ukitaka maisha ya kusimulia msome Eugene Bullard.

Amezaliwa 1895 Columbus, jimbo la Georgia, Marekani, kipindi ambacho watu weusi walikuwa wananyongwa na makundi ya watu na hakuna anayeulizwa. Baba yake alikuwa anamwambia kuna nchi inaitwa Ufaransa ambako mtu mweusi anaheshimiwa. Mtoto akatoroka nyumbani bado mdogo, akahangaika huko miaka, 1912 akazamia meli akashuka Scotland, akawa bondia, ngumi zikamfikisha Paris. Vita ilipoanza akajiunga na jeshi la wageni la Ufaransa, akapigana mahandakini, akaumia vibaya kwenye mapigano ya Verdun 1916.

Hospitali wakasema vita ya miguu kwake basi. Mwenyewe alisimulia kwamba rafiki yake mmoja Mmarekani alimwekea dau la dola 2,000 kwamba mtu mweusi hawezi kuwa rubani. Tarehe 5 Mei 1917 akapata leseni, na dau akalichukua. Septemba akaanza kwenda vitani, mara nyingine na kimanyani chake kinachoitwa Jimmy ndani ya koti. Ndege alizosema amedungua hazikuthibitishwa, na hilo lilikuwa jambo la kawaida sana kwa marubani wa Ufaransa maana wao walitaka mashahidi.

Marekani ilipoingia vitani ikaanza kuwachukua Wamarekani wote waliokuwa wanarusha ndege za Wafaransa. Bullard akaomba, akapimwa na madaktari, akafaulu, na simu haikuja. Wenzake weupe waliitwa, yeye hakuitwa, sababu mnaijua. Mwisho wa 1917 Wafaransa nao wakamtoa kwenye ndege baada ya ugomvi na ofisa, akarudishwa jeshi la miguu.

Baada ya vita akawa mtu maarufu Paris, ana klabu ya muziki, anajuana na kila mtu. Wajerumani walipoingia 1940 akapigana tena, akaumia tena, akarudi Marekani, na New York akawa anaendesha lifti kwenye jengo la Rockefeller. Watu wanapanda wanashuka hawajui aliyebonyeza kitufe ni nani. Mwaka 1959 Ufaransa ikampa nishani yake kubwa ya heshima, na televisheni iliyokuwa na studio kwenye jengo hilohilo ikamhoji akiwa na sare zake za lifti. Alifariki 1961. Jeshi la anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni 1994, miaka 33 akiwa kaburini, na mimi sijui hapo tupige makofi au tufanyeje.

SWALI: Ni kweli ukiangusha ndege 5 unakuwa bingwa? Nani alikuwa anahesabu?

JIBU: Hiyo ya 5 ilianza na magazeti ya Ufaransa ikashika. Kuhesabu kila nchi na lake, Waingereza walihesabu mpaka ndege iliyoonekana inaanguka hovyo bila kuiona ikigonga ardhi, Wafaransa na Wajerumani walikuwa wagumu zaidi. Kwa hiyo msibishane nani mkubwa kwa namba tu. Richthofen alikuwa anaagiza kikombe kidogo cha fedha kwa kila ndege anayoangusha, vilipofika 60 sonara akaishiwa fedha, vita imekausha madini. Tuendelee.

SWALI: Mimi ni fundi wa magari. Je, enzi hizo fundi angeweza kuwa rubani au ilikuwa ya watoto wa matajiri tu?

JIBU: Swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri. Wengi walikuwa watoto wa wakubwa, ndiyo, lakini mmoja wa waliokuwa wakali kabisa alikuwa fundi kama wewe. James McCudden, mtoto wa askari, aliingia jeshini 1910 ana miaka 15 kama mpiga tarumbeta. Mwaka 1913 akahamia kikosi cha anga kuwa fundi, na mwanzoni tu akaiwasha injini ya ndege, ndege ikamtoroka, ikaenda kugonga vitu vingine ikiwemo gari la mkubwa. Akawekwa ndani siku chache.

Agosti 1914 akaenda Ufaransa kama fundi. Halafu akawa anapanda kama mwangalizi, 1916 akasomea urubani, na 1917 ana cheo cha ofisa na anaongoza marubani kwenye kikosi kile namba 56. Kilichomtofautisha ni ufundi. Wenzake wakitua wanaenda kunywa, yeye yuko kwenye hanga na mafundi wake, anapanga bunduki zake mwenyewe, anakagua risasi, maana bunduki kukwama angani ilikuwa jambo la kila siku. Injini ya ndege vita yake, aina ya SE5a, aliiwekea pistoni za mgandamizo mkubwa ili ifike juu kuliko SE5a nyingine yoyote.

Kwa nini juu? Kwa sababu Wajerumani walikuwa na ndege za picha, Rumpler, zinapita mita 6,000 huko zimejistarehesha, zinajua hakuna Mwingereza anayefika. McCudden anapanda peke yake anazisubiri. Akiiona moja haikimbilii, anakaa chini ya mkia wake mahali mpiga bunduki wa nyuma hamwoni, anatulia, anasogea, anapiga kidogo tu. Tarehe 23 Desemba 1917 aliangusha ndege 4 za watu wawili siku moja. Baridi ya huko juu ilimtesa, akishatua damu ikianza kurudi mwilini ilikuwa mateso matupu. Ndege 57 kwa jumla, na nyingi ni za namna hiyo. Hamna mbwembwe, ni fundi yuko kazini.

Vita ilishawachukua kaka yake na mdogo wake, wote marubani. Yeye mwenyewe alipewa Msalaba wa Victoria, nishani kubwa kabisa ya ushujaa ya Waingereza, 1918, na tarehe 9 Julai mwaka huo, miaka 23, akiwa anakwenda kuchukua uongozi wa kikosi kingine, alipaa kutoka Auxi-le-Château, injini ikaleta shida papo hapo, ndege ikaanguka msituni karibu na uwanja. Hakuna adui aliyekuwa karibu.

SWALI: Kuna jamaa kaniambia rubani mmoja aliwahi kuningʼinia kwenye bunduki nje ya ndege akapona. Nimebishana naye, niambie kweli au uongo nimalize ubishi.

JIBU: Umeliwa, ni kweli. Anaitwa Louis Strange, Mwingereza, tarehe 10 Mei 1915. Bunduki yake ilifungwa juu ya bawa na risasi zake zinakaa kwenye bakuli la duara, zikiisha unatoa bakuli unaweka jingine huku unaendesha. Bakuli likagoma kutoka. Akasimama kwenye kiti, akabana fimbo ya usukani kwa magoti, akavuta kwa mikono miwili, ndege ikapinduka tumbo juu, naye akatoka nje. Ameshikilia lile bakuli ambalo sekunde chache kabla alikuwa analitukana kwa kukataa kutoka, sasa anaomba Mungu lisitoke. Ndege inazunguka kwenda chini kichwa chini miguu juu, yeye anarusha miguu anatafuta pa kuingilia, mwisho akanasa mguu ndani, akaigusa fimbo, ndege ikajigeuza, akadondoka kitini kwa uzito wake wote, kiti kikavunjika. Akaiweka sawa imekaribia miti.

Alipofika akapata lawama kwa mkubwa wake, kisa kuvunja kiti na vipimo vya ndege bila sababu ya msingi. Strange aliendelea kuruka, na mwaka 1940, anakaribia miaka 50, akaichukua ndege vita ya Waingereza aina ya Hurricane isiyo na risasi ambayo hajawahi kurusha aina yake maishani, akaitoa Ufaransa mpaka Uingereza huku ndege za Kijerumani zinamfukuza na yeye anapita juu ya miti tu, wakampa medali nyingine. Amefariki 1966. Mlipe jamaa yako.